Kidonda cha tumbo kinaponaje huku kimelowa asidi?

Jeraha la mkononi tunaliosha, tunalifunga na kulikinga na maji. La tumboni halina bandeji. Linashinda na kulala ndani ya asidi kali, yenye pH (kipimo cha ukali wa asidi) ya kati ya 1 na 2, na kila chakula kinapoingia, kuta za tumbo hujikunja na kujikunjua, nalo likivutwa huku na huku. Hata hivyo vidonda vingi vya tumbo hupona. Vipi?

Siri yake ni vichocheo vya ukuaji, yaani protini ndogo ambazo seli hutumia kupashana habari. Kimoja kati ya hivyo kiko kinywani mwako sasa hivi, ndani ya mate: EGF (kwa Kiingereza epidermal growth factor). Kiligunduliwa na Mmarekani Stanley Cohen alipokuwa akichunguza tezi za mate za panya. Alipowadunga vitoto vya panya majimaji ya tezi hizo, macho yao yalifunguka karibu siku ya 7, badala ya siku ya 12 hadi 14. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1986, pamoja na Rita Levi-Montalcini.

Tunameza mate mchana kutwa, kwa nini basi tumbo zima lisiote seli ovyo? Hapa ndipo mwili unaponishangaza zaidi. Vipokezi vya EGF, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wake, kwenye utando wa tumbo haviko upande unaotazama chakula. Viko ubavuni na chini, upande wa nyuma. Utando ukiwa mzima, EGF hupita juu yake bila kugusa kitu. Ukichanika, hupenya na kuvifikia, na ukarabati huanza palepale penye tundu.

Ukingoni mwa kidonda, seli zilizokuwa zimesimama wima hulala bapa, huachia nafasi zao na kutambaa kuziba pengo. Nyuma yao nyingine hugawanyika kujaza safu. Lakini seli hizo haziwezi kutambaa juu ya shimo tupu, zinahitaji sakafu. Sakafu hiyo ni nyama changa, laini na nyekundu, inayojengwa chini ya kidonda kwa amri ya vichocheo vingine, hasa bFGF na VEGF. Hivi huita mishipa midogo ya damu ichipue. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote, kwa sababu bila damu hakuna oksijeni wala chakula cha kujengea chochote.

Sasa unaweza kuona dawa zinafanya nini. bFGF huharibiwa na asidi, kwa hiyo omeprazoli, kwa kupunguza asidi, huvipa vichocheo nafasi ya kufanya kazi; kwa kawaida humezwa kwa wiki 4 hadi 8. Dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni huenda kinyume: huzuia prostaglandini, kemikali za mwili zinazolinda utando wa tumbo, na kuchipua kwa mishipa mipya hupungua. Na kama chanzo ni bakteria Helicobacter pylori, waliotambuliwa na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, lazima wauawe kwa antibiotiki. Wakibaki, wataendelea kubomoa kinachojengwa.

Mtu atauliza kwa nini basi tusimeze vichocheo vyenyewe kama vidonge. Ugumu mmoja ni asidi ileile. Mwingine ni mzito zaidi: amri inayoiambia seli igawanyike ndiyo hiyohiyo ambayo saratani nyingi huitumia, na zipo dawa za saratani ambazo kazi yake ni kuziba kipokezi cha EGF.

Maumivu mara nyingi hutulia mapema, kidonda kikiwa bado wazi. Na hata kikishafunga, ukipatazama mahali pale kwa hadubini utakuta tezi zilizotanuka na kukaa shaghalabaghala juu ya kovu. Kidonda kikirudi, mara nyingi hurudi papo hapo.