Jicho sio kamera

Hapa Dodoma bado nasikia eti macho yanapiga picha, ubongo unaisevu, ndo maana ukishapita Majengo mara moja hupotei tena. Sio hivyo jamani. Habari toka jichoni inapita katikati ya ubongo, inaenda kisogoni kuchambuliwa mistari, rangi, mwendo, halafu ndo inasogea mpaka hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu na ya kujua ulipo, kulekule ambako mwaka 1971 mtafiti John O'Keefe alikuta panya ana seli zinazochangamka akifika sehemu flani tu. Na seli hizo hazitegemei macho peke yake, hata gizani zinaendelea kwa kufuatilia hatua na mizunguko ya mwili, ndo maana umeme ukikatika mlango unaupata, ila makosa yanajikusanya mdogomdogo mwishowe unagonga kabati (mimi shahidi). Macho yakiona tena kitu unachokijua, tuseme Mlima Simba, ramani ya kichwani inayotengenezwa na seli hizo inajirekebisha.