Jinsi hotuba za mapinduzi zinavyoteka masikio: mifano ya Uganda

Tarehe 29 Januari 1986, siku tatu baada ya NRA, jeshi lake la msituni, kuuteka mji wa Kampala, Yoweri Museveni aliapishwa kwenye ngazi za Bunge. Akawaambia waliofurika pale kwamba mtu asidhani hii ni zamu tu ya walinzi kupokezana. Ni mabadiliko ya msingi katika siasa za nchi. Maneno hayo bado yananukuliwa Uganda, na wanaomuunga mkono na wanaompinga.

Kwa nini yalishika? Kufikia siku hiyo Waganda walikwisha kuona serikali ikipinduliwa mwaka 1971, 1980 na 1985, na kila aliyeingia alidai amekuja kuokoa. Msikilizaji alikuwa amechoka. Museveni aliichukua shaka iliyokuwa moyoni mwa watu akaitamka kabla yao. Ukishasemewa shaka yako, ni vigumu kuendelea kuishika.

Idi Amin alitumia njia nyingine. Januari 1971 askari alisoma redioni sababu 18 za kumpindua Rais Milton Obote. Orodha ndefu, kavu. Kilichobaki vichwani ni Amin mwenyewe kusema kwamba yeye si mwanasiasa bali ni askari, kwa hiyo ni mtu wa maneno machache. Kujidai huna ufasaha nako ni ufasaha! Kisha akafungulia wafungwa wa kisiasa, na mwaka huohuo mwili wa Kabaka (mfalme wa Buganda) Mutesa II, aliyefia uhamishoni London mwaka 1969, ukarudishwa ukazikwa Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme hao. Nadhani huko Buganda jeneza lile lilihutubia kuliko redio.

Hotuba ninayoipenda kufundishia, hata hivyo, ilitolewa nje ya Uganda. Novemba 1978, baada ya majeshi ya Amin kuvamia Kagera, Mwalimu Nyerere aliwaambia Watanzania: “Uwezo wa kumpiga tunao. Sababu ya kumpiga tunayo. Na nia ya kumpiga tunayo.” Jina la adui halimo kabisa, limebaki “m” ndani ya “kumpiga”, na kila mtu anajua ni nani. Jambo linatangulizwa, “tunao” na “tunayo” vinafunga kila sentensi kama pigo la ngoma. Tena mtendaji ni “sisi”. Aliyekaa kando ya redio kijijini anajikuta tayari yumo jeshini.

Hapa kwetu Uganda Kiswahili kilikuwa na doa: wengi walikijua kama lugha ya askari kwenye vizuizi vya barabarani. Ndiyo maana inafurahisha kwamba mafunzo ya siasa kwa raia baada ya 1986 yalijulikana kwa neno la Kiswahili, chaka mchaka.

Ninapowachezea wanafunzi wangu wa Kampala rekodi ile ya Mwalimu, wengi hawaelewi kila neno. Lakini ikifika “kumpiga” ya tatu, utasikia vidole vikigonga madawati.