Mtoto Akikimbia Vizuri, Msimkimbize

Msimu wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, ukikaribia, kliniki za michezo hupokea vijana wa miaka 13 hadi 15 wanaolalamika goti. Mara nyingi kuna kinundu kigumu chini kidogo ya goti. Ukikibonyeza tu, kijana anashtuka. Katika umri huo mifupa hurefuka upesi kuliko misuli. Kano inayotoka pajani imeshikilia sehemu ya muundi ambayo bado ni gegedu laini, haijawa mfupa mgumu, na kila mruko huivuta. Dawa yake kubwa ni kupunguza mazoezi ya kuruka na mbio za lami kwa muda, wala si kumwambia ajikaze.

Wasichana wengi hurefuka kwa kasi wakiwa na miaka 12 hivi, wavulana 14, lakini wapo wanaotangulia na wanaochelewa sana. Ndiyo maana kwenye mstari mmoja wa kuanzia utamkuta mvulana aliyeota ndevu na mwenzake ambaye sauti haijavunjika. Wa kwanza anachaguliwa, wa pili anarudishwa nyumbani, na kwa maoni yangu hapo ndipo tunapopoteza vipaji vingi. Mwalimu, pima urefu wao kila baada ya miezi mitatu, bila viatu, uandike daftarini. Utajua nani anarefuka sasa na nani bado zamu yake.

Wanaotaka kijana aingie marathoni mapema kwa sababu ya zawadi wamtazame Eliud Kipchoge. Mwaka 2003, akiwa na miaka 18, alitwaa dhahabu ya dunia ya mita 5,000 kule Paris. Marathoni yake ya kwanza alikimbia Hamburg mwaka 2013. Sehemu kubwa ya miaka hiyo kumi alikuwa akijenga kasi uwanjani, na rekodi ya dunia ya saa 2:01:39 ikaja Berlin mwaka 2018.

Kwa wasichana kuna jambo tunalolinyamazia kwa aibu. Binti anayefanya mazoezi makali akikosa hedhi miezi mitatu mfululizo, wapo makocha wanaosema mwili umeiva kwa mashindano. Si kweli hata kidogo! Mara nyingi chakula hakitoshelezi mazoezi, na mifupa yake inadhoofika katika miaka ambayo ingepaswa kuimarika. Apunguziwe mazoezi, aongezewe chakula, apelekwe kwa daktari, na mama au mwalimu wa kike aende naye.