Nilivyomfuta babu wa Sahare

Wiki iliyopita nilikuwa mwalo wa Sahare, hapa Tanga, nikimrekodi babu mmoja akieleza namna ya kusuka dema, ule mtego wa samaki. Kando yake boti ya mashine ilikuwa inanguruma. Nilikuwa na maikrofoni 8 nilizozipanga kwenye ubao, sentimita 5 kutoka moja hadi nyingine. Nikapitisha rekodi kwenye programu ya kupunguza kelele, nikamvalisha hedifoni. Akasikiliza kidogo, akazivua.

"Mwanangu, mashine umeiua, na mimi umeniua."

Hewani sauti huenda takriban mita 343 kwa sekunde. Ikitokea ubavuni kabisa, huifikia maikrofoni ya kwanza kama milisekunde 1 kabla ya ile ya mwisho. Chelewesha kila moja kwa kadiri yake, jumlisha, na sauti ya upande unaoutaka itashikana huku za pande nyingine zikipungua.

Wengi huzungusha awamu (yaani hatua ambayo wimbi limefika katika mzunguko wake) badala ya kuchelewesha. Kwa redio ya masafa membamba, sawa. Kwa sauti ya mtu ni balaa: awamu iliyopigiwa hesabu kwenye hetzi 1,000, ukifika hetzi 2,000 inatoa nusu tu ya ucheleweshaji unaotakiwa, na ubao unaanza kusikiliza kwingine. Ndiyo maana mtafiti Frost, mwaka 1972, alikipa kila kipokezi mnyororo wa vicheleweshi, kila kimoja na uzito wake, yaani namba ya kuzidishia sauti. Programu hujirekebishia uzito huo ili nguvu ya sauti inayotoka iwe ndogo iwezekanavyo, kwa sharti kwamba sauti ya mbele ipite kama ilivyo.

Sharti hilo ndilo lililomponza babu. Niliiambia programu yuko mbele. Kumbe katikati ya maelezo alihamia ukingo wa mtumbwi, nyuzi kama 15 pembeni. Kwa programu, wa pembeni ni kelele. Tena akipaza sauti ndiyo kwanza anafutwa zaidi!

(Ngurumo nzito ni kesi nyingine. Kwenye hetzi 200 wimbi lina urefu wa mita 1.7, na ubao wangu wa sentimita 35 hautambui vizuri linatoka wapi. Ubao mrefu zaidi haukai kwenye baiskeli.)

Dawa niliyotumia ni kuongeza namba ndogo kwenye ulalo (mstari wa mshazari) wa matriksi ya maikrofoni, lile jedwali la namba linaloonyesha sauti zao zinavyohusiana; programu ikadhani kila moja ina kelele yake na kuacha ukali. Mashine ilirudi kidogo. Babu alirudi mzima, na aliposikiliza tena alinirudisha nyuma mara mbili, hapo kwenye kufunga mdomo wa dema.