Kinga ya VVU kwa watu wa safari: hesabu zinazokosewa kati ya Mafinga na Tunduma

Dhana: Walio katika hatari ya VVU ni madereva wa malori, na kuwakinga ni hasara kwa sababu kesho wako Zambia.

Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta maambukizi kwa wenye miaka 15 na kuendelea ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya; nchi nzima ni 4.4. Wanaohama kutafuta riziki huku si madereva na utingo tu. Wapo vibarua wa chai Mufindi, wapasua mbao Mafinga, wavunaji wa mpunga Mbarali, wachimbaji wa Chunya na mama lishe wanaowafuata. Wengi wana wenza nyumbani, na kinga inayotolewa kwenye kambi zao za kazi inawafikia wenza hao pia.

Dhana: Ukianza PrEP (dawa ya kujikinga na VVU kabla ya kukutana navyo), ni ya maisha.

Dhana hii inawanyima watu wa msimu kinga inayowafaa kabisa. PrEP hufuata kipindi cha hatari. Pima VVU kwanza, kwa sababu mwenye maambukizi akiitumia bila dawa nyingine za VVU, virusi vinaweza kuwa sugu. Meza kidonge kimoja kila siku, angalau siku 7 kabla ya kukitegemea, endelea msimu mzima, kisha siku 7 baada ya tendo la mwisho la hatari. Rudia kipimo kila miezi 3. Mwenye homa ya ini B asiache kabla ya kumwona mtaalamu. Ugonjwa unaweza kulipuka upya. PrEP haizuii kaswende, kisonono wala mimba, hivyo kondomu bado inahitajika. Isiachwe juani kwenye dashibodi: joto huidhoofisha, na mafuta ya kupaka huipasua.

Dhana: Kondomu ikipasuka, nitaenda hospitali nikirudi.

PEP, dawa ya kuzuia VVU baada ya tukio la hatari, huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ya mapema ina faida. Foleni ya mpakani inaweza kuzimaliza. Anzia hospitali iliyo karibu, umalize siku 28.

Dhana: ARV ni bure, kwa hiyo mtumiaji hana gharama.

Nauli ya kliniki na ujira wa siku nzima anaoukosa ni gharama yake, na hapo ndipo wengi wanapokatiza dawa. Virusi hupanda tena ndani ya wiki chache. Aliye imara kwenye dawa aombe dawa za miezi 3 au 6, abebe kadi ya CTC (kliniki ya huduma na tiba ya VVU), achukue barua ya uhamisho kabla ya kuondoka, na dawa akae nazo mkononi, si kwenye buti la basi. Ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenza kwa ngono, kwa hiyo kumpunguzia safari za kliniki kuhesabiwe kwenye bajeti ya kinga.