Laki nne kwa safari au mshahara? Malipo ya dereva mpya wa lori Mwanza

Madereva wakiulizana wanalipwaje, kila mmoja hutaja namba moja: "laki nne kwa safari", "laki tatu na nusu kwa mwezi". Namba hizo huwezi kuzilinganisha mpaka ujue unapiga safari ngapi kwa mwezi, na siku ambazo gari limesimama zinaliwa kwa hela ya nani.

Kwenye semi (malori ya kuvuta tela) za Mwanza–Dar utakutana zaidi na mifumo miwili: posho tupu kwa kila safari, au mshahara pamoja na posho ndogo. Tuchukue mfano. Tajiri (mwenye gari) wa kwanza anatoa 400,000 kwa kwenda na kurudi, mshahara hakuna. Wa pili anatoa mshahara wa 350,000 na posho ya 150,000 kwa safari. Mshahara huo ukikatwa mchango wa NSSF asilimia 10 (35,000), inabaki 315,000. PAYE, kodi ya mshahara, ni asilimia 8 ya kinachozidi 270,000, yaani 3,600. Mkononi unapata 311,400. Safari ikichukua siku saba, na kula na kulala vikakugharimu 15,000 kwa siku, toa 105,000 kwa kila safari.

Ukipiga safari tatu kwa mwezi, posho tupu inakuachia 885,000 na mshahara 446,400. Mbili: 590,000 dhidi ya 401,400. Moja: 295,000 dhidi ya 356,400. Kwa hiyo posho tupu inalipa kama gari linatembea. Tatizo ni kwamba dereva mgeni ndiye anayepewa gari chakavu, na mzigo ukija anapangiwa wa mwisho. Usipige hesabu kwa safari za dereva mkongwe wa kampuni hiyo. Uliza lile gari utakalokabidhiwa lilitoka mara ngapi miezi mitatu iliyopita. Uliza pia ni miezi ipi, kwa sababu msimu wa pamba mzigo wa kushuka Dar haukosekani, ukiisha magari yanapanga foleni.

Mfumo wa mshahara nao una tundu lake. Ukitoa chakula, posho ya 150,000 inabaki 45,000. Ukikaa siku nne zaidi bandarini ukisubiri kupakia mzigo wa kurudi, 60,000 imekwenda na safari imekula hasara ya 15,000. Ndiyo maana posho ya kusubiri iandikwe kwenye mkataba: inaanza siku ya ngapi, na ni shilingi ngapi kwa siku. Utingo naye, ijulikane analishwa na nani.

Malipo kwa kilomita ni mazuri ukienda mbali, mabaya ukikaa foleni. Kwa njia ya Geita, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa kusubiri kivuko, hivyo tajiri anayetaka kupunguza posho kwa sababu safari zimekuwa fupi akuhakikishie kwanza kwamba safari zenyewe zitaongezeka. Hesabu ya siku, yaani kumpelekea tajiri kiasi mlichopatana kila siku, kama kwenye Fuso za mjini, mwachie anayejua wateja wa Kirumba na Igoma. Dereva mpya atakuwa anadaiwa kila jioni.

Mafuta yanaleta ugomvi kuliko mshahara. Semi yenye mzigo hunywa kama lita 45 hadi 50 kwa kilomita 100, kwa hiyo Mwanza–Dar ni lita 500 hivi au zaidi. Ukipewa 430, zilizopungua utazinunua wewe. Yanayobaki ni yako pale tu makubaliano yanaposema hivyo. Bila maandishi, huo unaitwa wizi.

Mwisho, makato. Faini ya mizani ndiyo inayomwangukia dereva mara nyingi, hata jumla ya uzito ikiwa sawa. Semi ya ekseli sita inaruhusiwa tani 50: ekseli ya usukani 8, ekseli pacha za horsi (kichwa kinachovuta) 18, za tela 24. Mzigo ukisogezwa mbele sana, ekseli za horsi zinazidi wakati tela lina nafasi, na kwenye mizani ya Njuki au Vigwaza utasimamishwa. Pima kabla ya kutoka, na usiondoke na mzigo uliozidi kwa ahadi ya simu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inaruhusu kukatwa kwa hasara uliyosababisha ukiwa kazini, lakini uwe umekubali kwa maandishi, tajiri akueleze deni kwa maandishi, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya malipo yako. Mkishindwana, peleka mgogoro wa makato CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 60. Utakachohitaji pale ni karatasi: idadi ya magunia iliyosainiwa wakati wa kupakia, na picha za spea, jeki na turubai zilizopigwa kabla hujapokea funguo.