Unga wa protini haujengi msuli peke yake
Vijana wengi wanaonyanyua vyuma hapa Mtwara huamini kwamba kopo la unga wa protini ndilo linalojenga msuli, na kwamba asiyeweza kulinunua anajisumbua bure. Imani hiyo si sahihi, na inawakatisha tamaa watu wenye nia njema. Kinachoufanya msuli ukue ni mzigo unaoongezwa kidogo kidogo, kwa kuwa nyuzi zake zikilazimishwa kuvuta kuliko zilivyozoea, mwili huziongezea protini baada ya zoezi. Na zile nguvu zinazoonekana katika wiki za mwanzo hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuziamsha nyuzi nyingi kwa pamoja, kabla msuli wenyewe haujanenepa. Protini ni malighafi. Gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito humtosha mfanya mazoezi kwa siku, yaani gramu 96 kwa mtu wa kilo 60, na kiasi hicho hupatikana kwa samaki, pweza, mayai, mbaazi na kunde. Korosho nazo husaidia, ingawa zina mafuta mengi kuliko protini. Kreatini, kirutubisho kingine cha unga kinachotumiwa na wanyanyua vyuma, huongeza nguvu kiasi kwa gramu 3 hadi 5 kwa siku, lakini kwa yule anayenyanyua.